Mkono wa Hakeem

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Wenzako kazini wanakutania kwamba Houston Rockets walibeba ubingwa wa 1994 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa sababu tu Michael Jordan alikuwa ameacha kikapu akaenda kucheza besiboli. Unaniuliza, "Mama, si uliitazama fainali ile? Ni kweli?"

Jordan hakuwepo, hilo ni kweli. Ila waambie hivi: Machi 1995 alirudi, Orlando Magic wakamtoa yeye na timu yake ya Bulls mechi 4 kwa 2, kisha Rockets wakawanyoa hao hao Orlando 4 kwa 0 kwenye fainali. Wakijibu hilo, ndipo mwendelee.

Mimi ubishi huo wa Jordan unanichosha, maana fainali yenyewe hakuna anayeizungumzia. Mjomba wako alituletea kanda ya mechi ya sita, nikaitazama hadi picha ikaanza kuchuja. New York Knicks wanaongoza mechi 3 kwa 2, na anayefikisha nne ndiye bingwa. Houston wako mbele 86 kwa 84, zimebaki sekunde chache, mpira anao John Starks wa Knicks. Robo ile ya mwisho peke yake keshafunga pointi 16. Akitia ya pointi tatu, ubingwa unakwenda New York. Anapita nyuma ya mwenzake Patrick Ewing, anaruka, anatupa. Hakeem Olajuwon wa Houston, jitu la kulinda chini ya kikapu, keshatoka hadi huko nje. Ncha za vidole zinaugusa mpira, unadondoka njiani kama embe bichi.

Nililinda goli la netiboli miaka yote ya sekondari, kwa hiyo hapa nisikilize. Kunyoosha mkono si kazi. Kazi ni miguu ikufikishe kwa wakati. Miguu ile Hakeem alitoka nayo Lagos, alikokuwa kipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Kikapu alikuja kukianza akiwa tayari kijana mkubwa. Na Ewing alikuwa na deni naye: 1984, fainali ya vyuo, Georgetown ya Ewing iliifunga Houston ya Hakeem 84 kwa 75.

Deni lililipwa mechi ya saba, 90 kwa 84, Hakeem akiwa na pointi 25. Lakini ile niliitazama mara moja tu, nikashindwa kuirudia. Starks alitupa mara 18, zikaingia 2. Za pointi tatu alijaribu 11, haikuingia hata moja. Kijana aliyewahi kufungasha bidhaa za wateja dukani, leo dunia nzima inamtazama akikosa, na kocha Pat Riley hamtoi! Rolando Blackman, mtupaji mzoefu, alikaa benchi mpaka kipenga cha mwisho. Baadaye Riley mwenyewe alikiri kwamba alijutia.

Baba yako anakusalimu. Yeye alikuwa Knicks, kwa hiyo swali hili usimpelekee.

Mama yako