Venice kwa Siku Moja, Inatosha?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi na mume wangu tunaenda Italia mwezi wa 11, tumepanga tupite Venice, tufike asubuhi jioni tuondoke. Kila mtu anatuambia usipopanda gondola, ile mashua yao ya kasia, hujafika, ila bei tuliyoiona imetushtua. Na hayo mafuriko tunayosikia, tufanyeje?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Kabla ya yote nakuomba, laleni hapo hata usiku mmoja. Mchana vile vichochoro vya kutoka daraja la Rialto mpaka uwanja wa San Marco vinajaa watu mpaka unatembea unaangalia mgongo wa aliye mbele yako, lakini jioni treni na mabasi yakishawabeba wale wa siku moja mji unatulia kabisa, hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli hakuna, unasikia maji yanavyopiga ngazi za milango ya watu. Hilo ndilo la kulifuata Venice na wengi wanalikosa.

Gondola bei yake imepangwa na manispaa, euro 90 kwa dakika 30, kuanzia saa moja jioni inakuwa 110 kwa dakika 35, na hiyo ni bei ya chombo kizima siyo ya kila kichwa, kwa hiyo mkipata wenzenu mkachangia inapungua sana. Kama hamtaki kutoa hela yote hiyo kuna traghetto, gondola ya kuvusha watu Mfereji Mkuu, mgeni analipa euro 2 tu, mkapande pale Santa Sofia iwashushe soko la samaki. Ni dakika chache ila mtaiona kwa karibu, mwangalie ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, maana mpiga kasia ni mmoja na kasia liko upande mmoja, bila hivyo chombo kingekuwa kinazunguka tu. Mimi hiyo kazi ya fundi ilinigusa kuliko makanisa yote.

Kutembea mji wote kwa maji pandeni vaporetto, yaani boti la abiria, namba 1, inapita mfereji wote kutoka stesheni mpaka San Marco. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo mkijua mtapanda mara tatu au zaidi chukueni ya saa 24.

Mafuriko sasa. Ni kama bamvua letu tu, maji kujaa na kupwa, ila upepo wa kusini ukiyasukuma yanapanda zaidi, na Novemba ndiyo msimu wake. 2019 yalifika sentimita 187 kwenye kipimo cha bahari (siyo kina cha maji mitaani), hali ilikuwa mbaya mno. Toka Oktoba 2020 kuna mageti yanayoinuliwa kwenye milango ya bahari, yale makubwa yanazuiwa. Uwanja wa San Marco uko chini sana kwa hiyo hata maji ya kawaida yanaweza kuchomoza kwenye matundu ya sakafuni, yanatulia kidogo halafu yanapwa, msiogope, bebeni viatu vya kulowa.

La mwisho mzigo. Madaraja ni zaidi ya 400 na mengi ni ya ngazi, begi la matairi utalibeba mkononi. Na anwani zinahesabiwa kwa mtaa mzima siyo kwa njia, namba inafika maelfu, kwa hiyo kabla hamjalipia chumba muulizeni mwenyeji kituo gani cha boti kiko karibu na kutoka hapo ni madaraja mangapi.