Cholmondeley husomwa "Chamli": jina hili limetoka wapi?

Swali: Nafundisha historia huku Nakuru. Tukifika kwenye mada ya walowezi, wanafunzi huuliza mbona Lord Delamere huandikwa pia Hugh Cholmondeley. Juzi nikaambiwa eti jina hilo husomwa "Chamli". Ni kweli? Na jina lake la ukoo ni lipi hasa?

Jibu: Ni kweli, mwalimu. "Chamli", basi, herufi nyingine ni za karatasini tu.

Jina la ukoo ni Cholmondeley. Delamere ni jina la cheo. Thomas Cholmondeley wa Vale Royal alipewa ubaroni mwaka 1821, naye akachukua jina la Delamere, msitu ulioko Cheshire, mkoa wao huko Uingereza. Hugh, huyu wa shamba la Soysambu (1870–1931), alikuwa baroni wa tatu.

Cholmondeley chenyewe ni kijiji cha kusini mwa Cheshire, karibu na Malpas. Domesday, daftari la ardhi la mfalme William la mwaka 1086, linakitaja kama Calmundelei. Ndani yake mna jina la mtu wa kale, Ceolmund, na neno leah, yaani uwazi ndani ya msitu. Wengi hukosea hapa: humfanya Ceolmund babu wa ukoo. La hasha. Waliomiliki ardhi pale baadaye ndio waliojiita kwa jina la mahali, kama walivyofanya mabwana wengi wa Uingereza. Egerton nalo, ambalo nyinyi wa Njoro mnalijua kwa chuo kikuu, ni jina la kijiji jirani kabisa na Cholmondeley!

Kuhusu matamshi, Waingereza hukaza silabi ya mwanzo na kuzimeza zinazofuata. Ulimi ukabadilika, lakini hati za ardhi na za vyeo zikang'ang'ania tahajia ya zamani. Matawi mengine hayakujisumbua, yakaandika Cholmeley au Chumley. Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha shule ya Highgate jijini London mwaka 1565, ni mmojawapo.

Wanafunzi wako wakitaka kufuatilia ukoo huu katika rejista za parokia, zilizoanza 1538, wasitafute tahajia moja tu. Karani aliandika alichosikia. Waanze na Chumley na Cholmley, ndipo waende kwenye jina refu. Kwa nyaraka za Kenya watafute Delamere kwanza, maana lodi hutia sahihi kwa jina la cheo peke yake.