Maswali ya Wasomaji: Falanksi Haivunjwi Usoni

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Rome: Total War, gemu ya vita vya kale iliyotoka mwaka 2004 na ambayo tangu 2018 inachezeka hata kwenye simu za Android. Nimefurahi sana. Mimi ni mwalimu wa historia, na hakuna kinachonipa raha darasani kama kijana anayeuliza kwa nini jeshi fulani lilishindwa, badala ya kukariri tu mwaka lililoshindwa. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wenu mnaumia papo hapo.

Shikamoo Mwalimu. Nacheza upande wa Brutii, moja ya koo za Kirumi kwenye gemu. Nikiwa Italia sina shida, lakini nikivuka kwenda Ugiriki na kukutana na Wamakedonia nakwisha. Natanguliza hastati, askari wa miguu wa mstari wa mbele, nawapa amri ya kushambulia, wanafika kwenye ile mikuki mirefu wanateketea. Naongeza prinsipe, wale wa mstari wa pili, nao vivyo hivyo. Askari wangu ni wengi kuliko wa adui. Nakosea wapi?
*Mchezaji wa Brutii, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Unakosea pale unapowapa amri ya kushambulia.

Tazama kwanza askari wako anakwenda kukutana na nini. Polybius, Mgiriki aliyeishi zama hizo na kukaa na Warumi kwa karibu, anaeleza kwamba mkuki wa Kimakedonia, sarisa, ulikuwa na urefu wa dhiraa 14, yaani zaidi ya mita 6. Askari aliushika kwa mikono miwili, na dhiraa 10 zikabaki mbele yake. Mkuki wa mtu wa safu ya pili ulipita ubavuni mwa mwenzake na kutokeza mbele, wa safu ya tatu hivyo hivyo, mpaka wa tano. Kwa hiyo mbele ya kila mtu wa safu ya kwanza palikuwa na ncha tano. Kundi hilo la mikuki lililobanana ndilo falanksi. Sasa Mrumi anahitaji nafasi ya kusogeza ngao na kuzungusha upanga. Peke yake anachukua upana wa Wamakedonia wawili. Piga hesabu: ncha 10 kwa mtu mmoja. Polybius anasema wazi kwamba mtu huyo hawezi kuzikata zote wala kupenya katikati yake. Wingi wako hapo haukusaidii kitu. Walio nyuma wanangoja zamu yao ya kufa, basi.

Lakini Polybius huyo huyo anaendelea kusema kwamba falanksi inataka uwanja tambarare usio na mitaro, miti wala makorongo, na kwamba mtu mmoja mmoja ndani yake hana uwezo wa kugeuka na kupigana peke yake. Ushahidi alikuwa nao. Mwaka 197 KK, kwenye vilima vya Cynoscephalae huko Thessalia, mfalme Filipo wa Tano wa Makedonia alikutana na Warumi chini ya Flamininus. Upande wa kulia wa Filipo ulikuwa umekwisha kujipanga, ukawasukuma Warumi kuteremka mlima kama ilivyotarajiwa. Upande wake wa kushoto ulikuwa bado unawasili juu ya kilima, watu wakiwa katika mwendo wa safari, na Flamininus akauvamia hapo hapo ukavunjika. Kisha likatokea jambo ambalo ningependa kila mchezaji alijue. Ofisa mmoja wa Kirumi, ambaye historia haikuhifadhi hata jina lake, aliona kwamba upande wake umeshashinda. Hakuendelea kuwafukuza waliokimbia. Alichukua vikosi vidogo visivyozidi 20, akageuka, akaishukia kwa nyuma ile falanksi iliyokuwa inashinda. Wale watu hawakuweza kugeuza mikuki ya mita 6 huku wamebanana. Waliouawa wa Filipo walikuwa kama 8,000, na Warumi walipoteza kama 700.

Sasa rudi kwenye simu yako. Panga hastati mbele, uwape amri ya kulinda nafasi, na uwashe ile ya kurusha bila kungoja. Usiwatume popote. Waache wasimame. Falanksi inakuja polepole, na kabla haijafika hastati watakuwa wamekwisha kurusha mikuki yao mifupi usoni mwake. Prinsipe usiwaweke nyuma yao wote. Vikosi viwili vipeleke kulia kabisa na viwili kushoto, kwa umbali ambao adui hatavigusa. Falanksi ikishabanana na hastati, simamisha mchezo, kwa kuwa amri unaweza kutoa hata ukiwa umeusimamisha, kisha wageuze prinsipe waingie kutoka ubavuni na nyuma. Ukiona kikosi cha falanksi kinajaribu kugeuka, kishukuru: kikigeukia prinsipe, kinawapa hastati mgongo.

Na chagua uwanja. Ukiwa na kilima, simama juu, uwafanye wapande. Mwaka 168 KK kule Pydna falanksi ya Perseus, mwana wa Filipo, ilisonga mbele kwa nguvu mpaka Aemilius Paullus, jemadari aliyeizoea vita, akasema baadaye kwamba hajapata kuona kitu cha kutisha namna ile. Ardhi ilipoanza kuwa na mabonde mapengo yalifunguka katikati ya safu, na Warumi wakaingia humo kwa makundi madogo madogo. Mtu mwenye upanga mfupi akishakuwa ndani ya mikuki mirefu, mikuki hiyo haimfanyi kitu tena.

Mwalimu, mbona safu ya kobe inaniangusha? Nawaamuru askari wajifunike ngao pande zote na juu, halafu adui wa panga wanakuja wanawachinja.
*Msomaji, Kisumu*

Kwa sababu kobe ni ya mishale. Ndani yake askari wamebanana, wanakwenda mwendo wa kinyonga, na mkono wa upanga hauna pa kupita. Itumie unapokaribia ukuta wa mji au unapovuka uwanja uliojaa wapiga mishale, kisha ifungue kabla panga hazijakutana. Nadhani umeona pia kwamba hastati wa mwanzo hawana amri hiyo. Inakuja na vikosi vya lejioni baada ya mageuzi ya jeshi ya jemadari wa Kirumi Marius.

Kuna siku moja tu ninayoikumbuka ambayo kobe yenyewe ilikuwa mtego. Mwaka 36 KK jemadari wa Kirumi Marcus Antonius alikuwa anarudi nyuma kutoka nchi ya Waparthi, wapiga mishale wa eneo la Iran ya leo. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba Warumi walipiga magoti wakajifunika ngao, na Waparthi wakadhani wamechoka hoi. Wakaweka pinde chini, wakasogea na mikuki. Warumi wakanyanyuka ghafla na kuwachoma kwa karibu.

Mwalimu, babu yangu hutusimulia jinsi Wangoni walivyopigana kwa kifua na pembe. Niliposoma kuhusu Hannibal na vita vya Cannae niliona ni kitu kile kile. Je, ni sawa? Na ninawezaje kukifanya kwenye gemu?
*Mjukuu wa Mngoni, Songea*

Barua hii nimeisoma darasani. Babu yako anasimulia jambo la kweli: Wangoni walitoka kusini na mbinu za Wazulu, wakavuka mto Zambezi na kiongozi wao Zwangendaba mwaka 1835, na baada ya kifo chake huko Ufipa wakagawanyika, wengine wakafika Songea. Kifua kinamshika adui kwa mbele, pembe mbili zinakimbia pembeni kumzunguka, na nyuma ya kifua kuna akiba. Isandlwana, huko Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879, pembe ya kulia ya Wazulu ilipita nyuma ya mlima na kuwakatia Waingereza njia ya kurudia.

Umbo linafanana na Cannae, mahali huko Italia ambapo Hannibal, jemadari wa Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, aliwashinda Warumi, lakini namna ya kufika pale ni tofauti, na ukitaka kuicheza ni lazima uione tofauti hiyo. Chukua maharage uyapange mezani, kama wanafunzi wangu wanavyofanya. Maharage meupe, mengi, yaweke katika mstatili mnene: ndio Warumi, askari wa miguu 80,000 na wapanda farasi 6,000 kwa hesabu ya Polybius, siku ya tarehe 2 Agosti 216 KK. Makamanda wao walipunguza upana wa safu na kuongeza kina, kwa matumaini ya kupasua katikati kwa uzito. Maharage mekundu ni ya Hannibal, 40,000 wa miguu na 10,000 wa farasi. Katikati weka Wagali na Wahispania, lakini si katika mstari ulionyooka. Wapinde watokeze mbele kuwaelekea Warumi. Kwenye ncha mbili za upinde huo weka Waafrika, askari wake wazito, wakiwa wamesimama tu. Kushoto, kando ya mto Aufidus, panga wapanda farasi wazito wa ofisa wake Hasdrubal. Kulia panga Wanumidia, wapanda farasi wepesi wa Afrika Kaskazini.

Sasa sukuma maharage meupe mbele. Upinde mwekundu unarudi nyuma pole pole, unanyooka, kisha unabonyea kwa ndani. Warumi wanaona wanashinda, wanamiminika katikati, na bila kujua wamekwisha kuwapita Waafrika, ambao sasa wako kulia na kushoto kwao. Waafrika wanageuka kuwatazama. Hasdrubal amekwisha kuwavunja wapanda farasi wa Kirumi kando ya mto, amezunguka kwa nyuma na kuwatimua wale wa upande wa pili, na sasa anarudi kuwafunga Warumi mgongoni. Wanafunzi wangu wakifika hapa hunyamaza, maana yale maharage meupe ya katikati hayawezi hata kusogea. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anahesabu zaidi ya 48,000 waliouawa, na Polybius anataja idadi kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo pembe za Wangoni ni miguu ya vijana waendao mbio, na adui anazungukwa pale pale alipo. Cannae ni adui anayejiingiza mwenyewe, na mlango unafungwa na farasi. Kwenye gemu njia ya Wangoni ni rahisi ukiwa na askari wepesi wenye kasi. Njia ya Hannibal inataka jambo gumu zaidi: kikosi cha katikati kinachorudi nyuma bila kukimbia. Waweke hapo watu wenye ari kubwa, jemadari akiwa nyuma yao. Hannibal mwenyewe na ndugu yake Mago walisimama pale katikati, kwa sababu kama Wagali wangevunjika mapema, yote mengine yangekuwa bure.

Ndovu wa Karthago wamenishinda kabisa. Wanapita juu ya safu zangu kama hakuna mtu.
*Msomaji, Mombasa*

Usiwazuie, wape njia. Zama, mwaka 202 KK, Hannibal alikuwa na ndovu zaidi ya 80. Scipio, jemadari wa Warumi, aliacha utaratibu wa Kirumi wa kupishanisha vikosi. Akavipanga vikiwa vimefuatana moja kwa moja mbele na nyuma, kukawa na vichochoro vilivyonyooka katikati ya jeshi, na askari wepesi wakaziba midomo ya vichochoro hivyo. Tarumbeta zikapigwa kwa pamoja. Baadhi ya ndovu walitishika, wakarudi kuwakanyaga wapanda farasi wa Hannibal mwenyewe. Wengine walipita vichochoroni huku wakichomwa kwa mikuki ya kurusha pande zote mbili.

Fanya hivyo hivyo. Veliti wako, askari wepesi wa kurusha mikuki, watawanye mbele, wasibanane, na wapiga mishale watumie mishale ya moto. Ndovu akishapagawa habagui wa kwake na asiye wake, kwa hiyo hakikisha anapopagawia ni karibu na Wakarthago. Na kama siku moja utacheza upande wa Karthago, utaona amri ya kuwaua ndovu wako mwenyewe. Haikubuniwa na watengenezaji wa gemu. Livius anaeleza kwamba kwenye vita vya Metaurus, mwaka 207 KK, waongozaji wa ndovu walikuwa na patasi na nyundo. Mnyama akigeuka kuwavamia watu wake, patasi iliwekwa pale kichwa kinapoungana na shingo, ikapigwa kwa nguvu zote.

Mwalimu, jemadari wangu ana wapanda farasi wakali kuliko wote, kwa hiyo namtuma wa kwanza. Anakufa, na jeshi lote linatimua mbio. Nimfiche nyuma? Na triari wanafanya kazi gani, mbona wanasimama tu?
*Dada mpenda gemu, Kigoma*

Dada yangu, triari ni askari wakongwe wa mstari wa nyuma, na kusimama ndiyo kazi yao yenyewe. Warumi walikuwa na msemo kwamba mambo yamefika kwa triari, wakimaanisha hali imekuwa mbaya kweli. Jeshi lenye watu ambao bado hawajaingia vitani lina la kufanya mambo yakienda mrama. Lisilo nao limeshamaliza maneno yake yote. Julius Caesar huko Pharsalus, mwaka 48 KK, alikuwa na askari wa miguu 22,000 na farasi 1,000, naye Pompeius, Mrumi mwenzake na hasimu wake, kwa hesabu ya Caesar alikuwa na 45,000 na farasi 7,000. Caesar aliona farasi wote hao wamerundikwa upande mmoja. Akatoa vikosi kutoka safu yake ya tatu, akaunda safu ya nne na kuificha nyuma ya ubavu wake wa kulia, na akawakataza wasisogee mpaka yeye mwenyewe atoe ishara. Farasi wa Pompeius walipowashinda farasi wake na kuja kwa kasi, safu ile ilinyanyuka na kuwachoma. Wakakimbilia milimani, na ubavu wa Pompeius ukabaki wazi.

Jemadari wako pia ni akiba, tena akiba ya thamani kuliko zote. Usimfiche mbali, kwa sababu askari walio karibu naye wanavumilia zaidi. Mweke nyuma ya safu, upande ambao uwanja uko wazi, na usimpeleke kamwe mbele ya mikuki. Kikosi cha adui kikianza kukimbia, bendera yake inageuka nyeupe. Wachezaji wengi hapo humtuma jemadari akawafukuze wanaokimbia. Usifanye hivyo. Wanaokimbia waachie farasi wepesi. Wewe tazama kikosi kilichokuwa jirani yao, ambacho sasa ubavu wake hauna mtu, na umtume huko.