Maswali Yenu: Mahindi ya Stoo na Sweta za Mtumba

SWALI: Shikamooni. Tuko watu 6 nyumbani, hapa Uyole, Mbeya. Mwaka jana nilinunua magunia mawili ya mahindi mwezi wa saba, bei ikiwa chini. Kufika Desemba dumuzi walishayageuza vumbi, nikarudi kwenye unga wa kupima kilo kilo. Nikate tamaa?

JIBU: Marahaba, mama. Usikate tamaa. Kununua wakati wa mavuno ulipatia. Kilichokuangusha ni unyevu na gunia la kawaida. Mahindi ya huku juu huvunwa kwenye baridi na ukungu, punje ikaonekana kavu kumbe ndani bado ina maji.

Sokoni ing'ate: ikivunjika kwa mlio ni nzuri, meno yakizama achana nayo. Nyumbani pima kwa chumvi iliyokaushwa vizuri. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko 3 vya chumvi, funga, tikisa dakika 3, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Hata isipoganda, anika siku moja au mbili zaidi kwenye turubai, kwa sababu mfuko usiopitisha hewa unataka asilimia 13 hivi. Anua kabla jua halijapoa.

Pepeta, kisha tumia mfuko wa tabaka tatu: nailoni mbili ndani, kiroba nje. Kwanza jaza hewa kila nailoni, bana mdomo, sikiliza kama inavuja. Ukishajaza mahindi, kamua hewa, sokota mdomo, kunja, funga kwa kamba. Kila tabaka peke yake. Dumuzi waliobaki humo hukosa hewa, huacha kula, hufa. Dawa haihitajiki. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe: tundu moja tu hewa inaingia, na kazi yote imeharibika.

Wengi hukosea kwa kufungua mfuko kila wanapotaka kwenda mashineni. Fungua mmoja, toa ya wiki 2, ufunge upesi, mwingine usiuguse. Na saga dona, pumba zisibaki mashineni. Dona huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, ndiyo maana tunasema wiki 2.

Mahindi yaliyoota kuvu msile. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, haiondoki kwa kupikwa.

SWALI: Kijana wangu anaenda bweni Makete, kule baridi kali. Sweta ya mtumba pale soko la Mwanjelwa nitaichaguaje?

JIBU: Geuza ndani nje, kagua kwapa na viwiko, ndiko inakoanza kuchakaa. Vuta upindo wa mkono kisha uachie. Usiporudi, baridi itapita hapo. Inyanyue juani uone vitundu vya nondo: kimoja unaweza kukishona, vikiwa vitano iache. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Chukua kubwa kidogo, mikono ikunjwe mwaka wa kwanza. Nenda Februari au Machi, kabla kila mtu hajaanza kutafuta sweta. Kama ni ya sufu, usiifue kwa maji ya moto, itasinyaa isimwenee tena. Tumia maji baridi, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo, uianike ikiwa imelazwa.