MASWALI YA WASOMAJI: Apu ya mashindano ya shule, msimamo niuwekeje?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi ni mwalimu wa michezo sekondari moja huku Morogoro, usiku najifunza PHP na MySQL, yani lugha ya kutengeneza apu za wavuti na programu ya kuhifadhi data. UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya kata ratiba na msimamo tunaandika kwenye daftari na kila mwaka ni ugomvi, mara timu zimelingana hakuna anayejua nani apite, mara mtu kajumlisha vibaya. Nimeanza kutengeneza apu ya kwenye wavuti, shule nane, nina jedwali la msimamo lenye pointi na magoli, mechi ikiisha naingia naongeza namba. Niko sawa? Halafu uwanjani kwetu mtandao unakatakata sana.

JIBU: Mwalimu hongera sana, hii kitu inahitajika kweli. Ila hilo jedwali la msimamo lifute leo leo. Msimamo hauhifadhiwi, unapigwa hesabu kila mtu anapofungua ukurasa, we hifadhi mechi tu: timu ya kwanza, timu ya pili, magoli ya kila upande, na hali ya mechi kama bado, imeisha au imeahirishwa. Kwa nini? Tuseme umeingiza 3-1 kumbe ilikuwa 1-3, kwa mfumo wako inabidi urekebishe timu zote mbili, ushindi, kupoteza, pointi, magoli ya kufunga, ya kufungwa, ukisahau sehemu moja tu msimamo umeharibika na hujui umeharibikia wapi. Ukihifadhi mechi unabadili namba mbili basi, kwingine kote kunajirekebisha. Na mambo ya mamluki, wachezaji wasioruhusiwa kuchezea shule hiyo, unayajua mwenyewe, timu inashinda Jumatatu, Jumatano rufaa inapita inapokwa ushindi, sasa hapo uanze kutoa ulichojumlisha wiki nzima? Seva, yani kompyuta inayoendesha apu, usiiogopee, shule nane zikicheza zote kwa zote ni mechi 28 tu, ukizigawa makundi mawili ya timu nne nne ni 12, weka nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali zinafika 16, SQL, ile lugha ya kuuliza data kwenye MySQL, inajumlisha hizo kufumba na kufumbua.

Kuhusu timu kulingana, hapo ndo penye ugomvi wenyewe na apu peke yake haitaumaliza, kanuni ziandikwe na makocha wote wasaini kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Kombe la Dunia 2018 Japani na Senegali zilimaliza kundi na pointi 4 kila moja, magoli 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na zenyewe zilipokutana zilitoka 2-2. Japani ikapita kwa sababu ilikuwa na kadi za njano 4, Senegali 6. Yani kadi nazo zinaamua, kwa hiyo zitengenezee jedwali lake tangu mwanzo, usije ukazitafuta kwenye karatasi za marefa siku ya mwisho. Halafu mpangilio wenyewe haufanani kila mahali, Kombe la Dunia 2022 lilianza na tofauti ya magoli, Euro inaanza na mechi za wanaolingana wenyewe kwa wenyewe, ndo maana nakushauri mpangilio uwe kitu cha kuchagua kwenye mipangilio ya kila mashindano, usiufunge ndani ya kodi, yani maandishi ya programu yenyewe.

Mtandao kukatika kunatibika. Matokeo yaingie kwanza kwenye hifadhi ya brauza ya simu, IndexedDB, mtandao ukirudi yatumwe. Kuwa makini hapa, simu inaweza kutuma, ikakosa jibu, ikatuma tena, kwa hiyo kila tokeo lipewe namba yake ya kipekee hapo hapo kwenye simu na seva ikiona namba iliyokwishaipokea iiache. Ukurasa wa wazazi uwe maandishi na jedwali tu, bila mapicha, ufunguke hata kwa bando la kuungaunga.

La mwisho, na hili naomba sana ulizingatie, wachezaji wako ni watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Hadharani weka jina la shule na namba ya jezi, vyeti vya kuzaliwa vya kukagua umri vibaki kwenye faili ofisini, visipandishwe kabisa kwenye apu. Anza na kundi moja, ukikwama kwenye ile hesabu ya msimamo nitumie kodi yako tuipitie pamoja.