Jioni moja pwani? Tazama mwezi kwanza, tiketi baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza sisi wa Kanda ya Kati: mtu wa Dodoma akipata jioni moja tu ya kutembea pwani, aipitishe wapi na aanze saa ngapi? Jibu langu ni Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na aanze saa 10 alasiri. Wengi wa kwetu hufika pale saa 2 usiku, wakala mishikaki, wakapiga picha na taa, wakarudi kulala wakiamini wameiona Forodhani. Walichokuta ni nusu ya mwisho. Jioni ya pale inaendeshwa na maji ya bahari na adhana, na ukivipuuza viwili hivyo utakuwa umekwenda sokoni kula tu, jambo ambalo hata hapa Dodoma, Chako ni Chako, linafanyika, tena kwa nauli ya bodaboda.

Tuanze na maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na bandarini Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo kule maji hujaa mnamo saa 10 hadi saa 11 jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, na saa hizohizo utakuta yamekupwa. Kwa hiyo aliyeko Dodoma hahitaji jedwali la bandari. Atoke nje usiku atazame juu. Ukiuona mwezi wa duara, siku mbili baada ya hapo ndiyo jioni ya kuwa Forodhani, kwa sababu kujaa kunakuwa kumesogea karibu na magharibi.

Kwa nini ujisumbue na hesabu hiyo? Kwa sababu ya makachu. Vijana hukusanyika kwenye ukuta wa bahari mbele ya bustani, mmoja mmoja anarudi nyuma, anapiga mbio, anajirusha na kujipindua hewani kabla ya kuingia majini. Maji yakiwa yamejaa, mchezo unakwenda mfululizo mpaka jua lizame. Yakiwa yamekupwa, mahali pa kuangukia pana mawe na mchanga, na mwenye akili haruki. Mtazamaji asimame pembeni, si kwenye njia ya mbio, maana anayekuja hana breki. Mgeni asijaribu: kamba za nanga za mashua ziko chini ya maji, wenyeji wanazijua na yeye hazijui. Picha ziombwe kwanza, na ukishapiga ni uungwana kutoa chochote.

Jambo lingine linalotupotosha ni saa. Dodoma na Mji wa Zanzibar ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini mwa ikweta. Lakini Zanzibar iko mashariki zaidi kwa kama nyuzi 3 na nusu, hivyo jua linazama kule takriban dakika 14 kabla ya kwetu. Kwa mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50, na giza kamili linafika upesi. Anayesema "nitatoka jua likipoa" kwa mazoea ya Dodoma atakuta limeshazama.

Sasa njia yenyewe. Anzia Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, na ule urojo kwanza. Urojo ni chakula cha alasiri: rojo ya unga yenye manjano na ukali wa embe mbichi au ukwaju, ndani yake kachori, bajia, kiazi, yai, mishikaki, juu chipsi nyembamba za muhogo, chatini ya nazi na pilipili. Kasoro yake kubwa ni kukaa. Rojo iliyowekwa motoni tangu mchana hukaza na kuanza kuonja unga. Ikiteleza kwenye upawa, kula, ikidondoka kwa mabonge, mshukuru muuzaji uendelee na safari. Chipsi za muhogo ziwekwe mwisho kabisa, ukiwa tayari na kijiko mkononi. Na bakuli moja linatosha, usiku bado.

Kutoka hapo ingia vichochoroni kuelekea baharini. Watu wanaogopa kupotea Mji Mkongwe, na kweli utapotea, lakini mji ule ni rasi: ukishika upande mmoja bila kukata tamaa utatokea ama baharini ama barabara kuu iliyo upande wa Darajani. Kijana atakayekusogelea na kujitolea kukuonyesha njia ni papasi, na anafanya kazi. Mjibu kwa Kiswahili chenye salamu kamili, "sina haja leo, ndugu yangu, ahsante," na mara nyingi yanaisha hapo. Magari hayaingii, ila pikipiki na baiskeli zinapita kwa kasi kwenye kona, kwa hiyo tembea ukutani. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Huu ni mtaa wa watu wanaoishi, watoto wanatoka madrasa saa hizo.

Saa 11 na nusu uwe Forodhani. Nyuma yako iko Ngome Kongwe, na pembeni Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Mbele ni bahari upande wa magharibi, makachu na jua. Usinunue chakula bado. Wachoma nyama na samaki ndio kwanza wanapanga meza na kuwasha mkaa, na mkaa mweusi wenye ndimi za moto unaunguza nje ukiacha ndani kubichi.

Ikiadhiniwa magharibi, mambo yanatulia. Wengine wanakwenda kuswali, meza zinabaki na msaidizi. Mgeni asiyejua huona kama pamekufa na kuondoka, akae. Pata juisi ya miwa iliyosagwa na ndimu na tangawizi, bila barafu kama tumbo lako ni la wasiwasi. Shughuli inachanganya kuelekea isha na baada yake, na hapo mkaa umeshavaa jivu jeupe. Mwezi wa Ramadhani utaratibu wote unasogea mbele: mchana hakuna kula hadharani, na watu hujaa baada ya futari.

Kuhusu mishikaki ya baharini nina neno. Pweza, ngisi, kamba, jodari, vyote vimepakwa viungo vya rangi moja chini ya taa, na jicho haliwezi kutofautisha cha leo na cha juzi. Pweza huwa ameshachemshwa, pale anapashwa tu. Akipashwa mara ya tatu anakuwa kama kandambili. Uliza kipi kimeingia leo, chagua kijiti kwa mkono wako, kisha uliza bei ya kijiti kimoja kimoja kabla hakijagusa moto. Ugomvi mwingi wa Forodhani unatokana na sahani: mteja anarundikiwa vitu, anakula, halafu anajumlishiwa. Kamba koche ndiye anayeumiza mifuko zaidi. Kwa maoni yangu samaki wa kawaida na mkate wa ufuta vinampita kwa ladha. Nenda na noti ndogondogo.

Kinachostahili kusimama na kutazama ni ile chapati ya kukunja wanayoiita pizza ya Zanzibar. Fundi huchukua donge la unga laini lililolowekwa mafuta, analisukuma kwa viganja mpaka uone meza kupitia kwake, halafu anaweka kipande kidogo cha unga katikati. Hicho kipande ndicho siri: kinazuia kitako kisitoboke. Juu yake nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai moja, kijiko cha mayonesi, jibini kama unataka. Anavuruga kwa vidole, anakunja pembe nne kama bahasha, anageuza kwenye kikaango bapa chenye mafuta. Panapoharibika ni moto. Foleni ikiwa ndefu fundi huongeza moto, nje inakuwa ya kahawia ndani yai linalia. Mwombe akubonyezee katikati kwa mwiko. Likitoka tone la njano, mwambie airudishe, hatakasirika. Ile yenye ndizi na chokoleti ni ya watoto, na haidai subira hiyo.

Baada ya chakula watu hufanya kosa la kurudi hotelini. Rudi vichochoroni mpaka Jaws Corner, wazee na vijana wako barazani na kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni, dhumna zinagongwa. Kama kuna bao, lile la mashimo 32 na kete 64, kaa nyuma ya wachezaji, usimwelekeze mtu na usiguse kete hata ikianguka. Kahawa hailevyi wala haishibishi, ni tiketi ya kukaa tu. Anayetaka bia ataipata kwenye hoteli na baa zenye leseni. Asiibebe mkononi mtaani.

Ukibahatika kukuta taarabu, ingia. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha tangu 1905 na Culture Musical Club cha tangu 1958, na bado mtindo wao ni wa ala kama fidla, kanuni na udi, na watu waliokaa. Tahadhari moja kwa sisi tuliozoea kumtunza mchezaji wa ngoma za Kigogo wakati wowote mdundo ukikolea: kwenye taarabu, ukinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti fulani, unatangaza kwamba ubeti huo ni wako. Sikiliza maneno kwanza. Ukitoa pesa kwenye ubeti wa kumsema mke mwenza, kuna wanawake watakutazama mpaka mwisho wa shughuli.

Usafiri ni rahisi kuliko zamani. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria wa Dodoma hadi Dar es Salaam Julai 2024, na stesheni ya Dar haiko mbali na bandari ya boti. Boti ya kasi huchukua kama saa 2. Panda treni ya alfajiri au lala Dar, maana boti za kasi ni za mchana na ukichelewa ya mchana jioni yako imekwenda. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi. Miezi ya upepo wa kusi, Juni hadi Agosti hasa, bahari inachafuka: kula kidogo, kaa nyuma chini. Jaketi la baridi ya Dodoma liache nyumbani. Kule jasho halikauki, linakaa na wewe.

Asiye na nafasi ya kuvuka, aende Coco Beach, Dar es Salaam, lakini asiende kutafuta machweo. Ufukwe ule unatazama mashariki, jua linazama mgongoni kwako. Faida yake iko kwenye mwezi mpevu, ambao hutoka baharini karibu na saa ya jua kuzama. Kula mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ukwaju, uchague iliyopasuka yenyewe, isiyo na nyuzi ngumu katikati. Jumamosi na Jumapili msongamano ni mkubwa, siku za kazi unapumua. Ila kumbuka hesabu ileile ya bamvua: saa 11 jioni maji yamejaa na mchanga ni mwembamba, kwa hiyo wenye watoto wanaotaka kukimbia wafike saa 1 na nusu, mchanga ukianza kurudi, na wasiwaache waingie majini gizani.

Msomaji wenu, Ipagala, Dodoma