Nikiswali akili ipo dukani, je niache kwanza swala ya jamaa mpaka nitulie?

SWALI: Assalam alaykum sheikh. Mimi ni kijana nauza kava na chaja za simu hapa Dodoma, soko la Majengo, na pesa za simu natoa pia. Nikisimama kuswali simu inatetemeka mfukoni naanza kuwaza ni mteja gani, mara nasahau hata nipo rakaa ya ngapi. Siku ya mechi ya saa 10 ndo kabisa, Alasiri naiswali mbiombio jua linakaribia kuzama. Najiona mnafiki, nimewaza niache kwanza swala ya jamaa pale msikitini mpaka moyo utulie. Na je, simu ikiita ndani ya swala nikiizima swala inabatilika?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mdogo wangu, hilo wazo la kuacha mpaka utulie litoe leoleo, tena kabla hujamaliza kusoma hapa. Mgonjwa gani anasema ntaenda hospitali nikishapona? Utatulia wapi sasa kama msikitini huendi, pale sokoni kwenye spika za matangazo na bodaboda?

Kuna sahaba anaitwa Hanzala, Imam Muslim kamsimulia kwenye kitabu chake cha hadithi, huyu alikutana na Abubakar akamwambia Hanzala kawa mnafiki, kwasababu akiwa mbele ya Mtume (SAW) anakumbushwa pepo na moto anaviona kama vipo machoni, akirudi kwa mke na watoto na mashamba anasahau mengi. Abubakar akamwambia wallahi hata sisi tunayapata hayohayo. Wakaenda wote kwa Mtume, akawaambia lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo kwangu basi malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani, lakini ewe Hanzala, saa hii na saa hii. Akalirudia mara tatu. Sasa kama Abubakar anasema hata sisi, wewe wa Majengo unataka uwe umetulia masaa 24?

Ila sikufichi, kwenye swali lako kuna sehemu imenitisha, na wewe umeipita haraka. Unaogopa unafiki kwenye mawazo yanayokujia bila kuyaita, alafu Alasiri unayoichelewesha kwa makusudi sababu ya mpira unaona ni jambo dogo. Mtume (SAW) amesema, na hadithi ipo kwa Muslim, hiyo ndio swala ya mnafiki, anakaa analingoja jua mpaka likiwa baina ya pembe mbili za shetani, yaani linakaribia kuzama, anasimama anazidonoa rakaa nne, hamtaji Allah ndani yake ila kidogo. Hapo ndo pa kuogopa ndugu yangu. Mechi ya saa 10 kuna mapumziko pale katikati, wakienda mapumziko wewe nenda kaswali, ingawa bora zaidi uswali kabla hujaenda kukaa kibandani.

Tuje kwenye simu. Mtume (SAW) aliswali na shuka ya kujifunika yenye nakshi, inaitwa hamisa, macho yakaenda kwenye zile nakshi mara moja tu, alipomaliza akasema mpelekeeni sahaba Abu Jahm shuka hii mniletee ile yake isiyo na nakshi, maana hii imenishughulisha na swala yangu. Wamepokea Bukhari na Muslim. Huyu ni Mtume, moyo wake unaujua, na bado hakusema ntajikaza swala ijayo, alikiondoa kitu chenyewe. Na nguo haitetemeki wala haina mteja anayesubiri! Kwaiyo wewe usijipime nguvu na simu, iache kwa jirani yako wa meza unayemwamini au izime kabisa sio mtetemo, andika karatasi nipo swala narudi. Wanaokuhitaji watasubiri, na akiondoka mmoja rizki yako haijaondoka nae. Soma mwisho wa suratul Jumua, msafara wa biashara uliingia Madina watu wakamwacha Mtume amesimama kwenye hotuba, sahaba Jabir anasema walibaki 12 tu, na Allah akateremsha kwamba kilichopo kwake ni bora kuliko pumbao na biashara.

Ukishaingia kwenye swala usiipige Fatiha pumzi moja. Ipo hadithi qudsi, yaani Mtume (SAW) anapokea maneno ya Allah mwenyewe, kwamba Allah ameigawa swala baina yake na mja wake, ukisema Alhamdulillahi rabbil alamin anasema mja wangu amenihimidi, na anaendelea kukujibu mpaka mwisho wa sura. Simama kidogo kila aya ukijua kuna anayekujibu, jaribu hilo tu kwa sasa, mengine yatafuata.

Ukisahau rakaa, jenga kwenye uliyo na yakini nayo yaani ile idadi ndogo, kamilisha kisha sujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Swala iliyoingiliwa na mawazo ni sahihi na huirudii, thawabu ndo zinapungua.

Na simu ikiita kwa bahati mbaya, izime. Mtume (SAW) aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini akisimama anambeba, sembuse kuingiza mkono mfukoni kubonyeza kitufe. Wako watu wanaacha muziki unalia safu nzima mpaka unaisha wenyewe wakidhani wakigusa swala imevunjika, hapana, hapo umewaharibia na wenzako. Ila tu usiitoe ukaanza kusoma jina la aliyepiga.

Wallahu aalam.